Simu ya ofisi ya kukodi: hesabu isiyoonekana kwenye profoma

Juma hili, ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayekutana nami katika safu hii, nataka tuzungumze juu ya simu. Sina maana ya simu ya mkononi, ambayo kila mmoja wetu anayo na kila mmoja anailalamikia. Nazungumzia simu ya ofisi: ile namba moja iliyoandikwa kwenye kibao cha nje, ambayo mteja akiipiga hupokewa na mtu wa mapokezi, kisha huunganishwa na mhasibu, au mtu wa ghala, au meneja mwenyewe.

Swali ambalo wasikilizaji wamekuwa wakiniuliza ni hili. Siku hizi wanapita mawakala maofisini wakisema: tupa mtambo wako wa zamani, sisi tutakuwekea simu za kisasa, hakuna mtambo wa kununua, utalipa kidogo kidogo kila mwezi kwa kila mfanyakazi. Je, ni rahisi kweli? Nasema yaweza kuwa rahisi, na yaweza kuwa ghali mno, na tofauti hiyo huioni katika ile bei iliyopigwa wino mzito juu ya karatasi.

Tuanze na kitu chenyewe. Zamani ofisi kubwa ilikuwa na swichibodi, na opereta aliketi mbele yake akichomeka na kuchomoa nyaya siku nzima. Baadaye swichibodi ikageuka sanduku lililotundikwa ukutani, likijiunganishia simu lenyewe. Sanduku hilo lilikuwa mali ya ofisi. Ukishalinunua umelinunua, likiharibika unamwita fundi. Nyuma yake ziliingia nyaya za kampuni ya simu, tatu au kumi kwa kadiri ya uwezo wako, na mbele yake zilitoka nyaya za ndani kwenda mezani kwa kila mtu. Walio wa rika langu watakumbuka kwamba enzi za Posta na Simu, kabla TTCL haijaanza kazi mwaka 1994, kupata waya mmoja wa nje kulihitaji subira ya miaka. Ofisi yenye waya tano ilikuwa ofisi ya kuheshimiwa.

Simu ya kukodi ni sanduku lile lile, ila halipo tena ukutani kwako. Limekuwa programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta ya mwenye huduma, pengine hapa hapa Dar es Salaam, pengine Johannesburg, pengine Ulaya. Kwako inabaki simu tu, iliyochomekwa kwenye intaneti. Sauti yako hukatwa vipande vidogo, kila kimoja aghalabu kikibeba milisekunde 20 za maongezi. Vipande hivyo husafiri mpaka kwenye kompyuta ile, na kutoka hapo huelekezwa kwa mtu unayezungumza naye.

Na hapa kuna jambo ambalo wakala hatakueleza. Programu yenyewe si kitu cha thamani kubwa. Mwaka 1999 huko Alabama, Marekani, kijana aitwaye Mark Spencer alikuwa na kampuni changa iliyohitaji mtambo wa simu. Alipoulizia bei akaona haiwezi. Basi akaandika programu yake mwenyewe, akaiita Asterisk, na akaitoa bure kwa yeyote anayetaka. Mpaka leo inapatikana bure, na mitambo mingi ya simu za ofisi duniani imejengwa juu yake. Kwa hiyo unapolipa kila mwezi, sehemu kubwa ya fedha yako hainunui programu. Inanunua mtu wa kuitunza, umeme na kompyuta inakokaa, njia za kutokea nje, na kamisheni ya huyo aliyekuja kukuuzia. Hakuna dhambi katika hilo. Mtu wa kuitunza ana kazi, kama tutakavyoona. Lakini ni vizuri kujua unanunua nini.

Mimi nisingeyajua haya kwa undani kama si mpwa wangu. Ana ofisi ya kutoa mizigo bandarini, watu kumi na wawili, ghorofa ya tatu katikati ya jiji. Alikuja nyumbani na profoma pamoja na mkataba wa miezi 36, akasema, "Mjomba, nakuomba uwe mdhamini." Kampuni ile ilitaka mtu wa kuilipa endapo yeye atashindwa. Sasa mimi ni mstaafu, na nyumba ninayokaa ndiyo mali yangu. Nikamwambia aniachie karatasi zile niisome kila aya.

Kilichonishangaza kwanza ni namna ya kutoza. Bei ilikuwa kwa kichwa: wafanyakazi kumi na wawili, malipo kumi na mawili kila mwezi. Fikiria ofisi yoyote unayoijua. Ni lini watu wote kumi na wawili wamekuwa kwenye simu kwa dakika moja? Hesabu ya jambo hili ilikwisha kufanywa zamani na Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha kanuni zake mwaka 1909 na 1917. Alitaka kujua njia ngapi zinatosha ili wateja wasikute simu ina shughuli mara kwa mara. Nilichukua kanuni yake nikaiweka kwenye ofisi ya mpwa wangu. Tuseme katika saa yenye pilikapilika kuliko zote kila mtu anazungumza na watu wa nje kwa dakika sita. Hizo ni dakika 72 ndani ya saa moja. Njia nne zikiwepo, simu kama tatu katika kila mia zitakuta nafasi imejaa. Zikiwepo tano, haifiki hata moja katika mia.

Kwa hiyo ofisi ya watu kumi na wawili inahitaji njia tano za kutokea, si kumi na mbili. Wapo watoa huduma wanaotoza kwa njia, na wapo wanaotoza kwa kichwa. Anayetoza kwa kichwa anakuuzia pia hatari ya mlinzi, mhudumu wa chai na tarishi, ambao simu zao hulia mara mbili kwa siku. Uliza kama simu za namna hiyo zaweza kuwekwa kwa bei ya chini, au simu moja itumiwe na watu watatu. Mara nyingi inawezekana, ila haisemwi mpaka iulizwe.

Jambo la pili ni kodi, na hapa naomba uchukue kalamu. Kwa Tanzania Bara huduma za mawasiliano zimekuwa zikitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18. Wengi hujumlisha 17 na 18 wakapata 35. Sivyo inavyokwenda. VAT hutozwa juu ya bei ambayo imekwisha kuongezwa ushuru. Shilingi 100 inakuwa 117, na hiyo 117 inakuwa 138 na senti sita. Ofisi iliyosajiliwa VAT yaweza kudai ile ya 18, lakini ushuru wa bidhaa umekwenda, haurudi. Profoma ya mpwa wangu ilikuwa na maneno madogo chini kabisa: bei ni kabla ya kodi. Maneno matano tu, yenye thamani ya zaidi ya theluthi moja ya bei.

Mtoa huduma akiwa nje ya nchi mambo yanageuka. Sheria ya kodi ya mapato inakutaka umkate asilimia 15 ya malipo ya huduma na kuipeleka TRA. Yeye naye mara nyingi ameandika katika mkataba kwamba anataka dola zake 100 kamili, bila makato. Basi kodi yake unamlipia wewe, na kwa kuwa hukatwa katika jumla, unatoa dola 117 na senti 65 ili yeye apate mia. Mhasibu wako akueleze hili kabla hujatia sahihi, maana ofisa wa kodi akija baada ya miaka mitatu atahesabu na riba.

Tena kuna suala la dola yenyewe. Mwaka 2024 dola moja ilipanda mpaka ikapita shilingi 2,700, kisha ikashuka kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliofuata ikapanda tena. Anayeuza mizigo nje anapokea dola na anaweza kustahimili. Mwenye duka la vipuri la Gerezani mapato yake ni shilingi tupu. Tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zinakataza kutaja na kudai bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi. Kwa hiyo mtoa huduma aliye hapa nchini akikuletea profoma ya dola, mrudishie akuandikie shilingi. Lakini soma kama hakuna aya inayosema bei itapanda kila dola inapopanda, kwa maana hiyo ni dola ile ile iliyovaa kanga.

Sasa dakika. Malipo ya mwezi hukodisha simu. Kupiga ni gharama nyingine. Hapo jambo la kuangalia kuliko bei ya dakika ni namna dakika inavyohesabiwa. Wengine hutoza kwa sekunde. Wengine huhesabu kila dakika iliyoanza kuwa imekwisha. Simu za ofisi ya kutoa mizigo ni fupi: kontena limefika? Ndiyo. Karatasi zimetoka? Bado. Simu ya sekunde 70 kwa anayetoza kwa sekunde ni sekunde 70. Kwa yule mwingine ni dakika mbili, yaani sekunde 120, na umelipa zaidi ya nusu ya ziada kwa ukimya. Ukiona bei ya dakika ni ya kuvutia sana, uliza swali hilo moja tu.

Usiache pia kuuliza kwa nini dakika ya kupiga mtandao mwingine iwe ghali. Kampuni za simu hulipana fedha pale simu inapotoka mtandao mmoja kuingia mwingine. Kwa mujibu wa viwango vya TCRA, malipo hayo yalishuka kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Atakayekwambia kwamba bei yake imepandishwa na malipo ya mitandao, hayo ndiyo ya kumkumbusha.

Tuje kwenye intaneti. Watu huogopa kwamba simu zitamaliza intaneti yote ya ofisi. Hapana. Simu moja kwa ubora wa kawaida inachukua kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu tano kwa pamoja hazifiki nusu ya megabiti. Anayeangalia sinema ofisini anakula kuliko hizo zote. Tatizo la simu ni utulivu. Barua pepe ikichelewa nusu dakika hakuna anayejua, lakini sauti ikichelewa nusu sekunde watu wawili wanaanza kukatizana na kuombana radhi. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikiwa kompyuta ya mwenye huduma iko Ulaya, sauti ya mhasibu akimwita mtu wa chumba cha pili yaweza kwenda mpaka huko na kurudi. Na nyaya zinazoivusha bahari zina ajali zake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku ya namna hiyo ofisi ambayo simu zake zinatunzwa ng'ambo haina simu, hata ya kumpigia jirani.

Kwa hiyo weka katika hesabu njia ya pili ya intaneti, hata iwe ndogo. Weka na UPS, yaani kisanduku cha betri. Simu ya waya ya zamani ilikuwa ikipata umeme kutoka kwenye kituo cha simu kupitia waya ule ule, ndiyo maana ililia hata nyumba ikiwa gizani. Hii ya intaneti, umeme ukikatika, inazimika pamoja na ruta.

Kisha wezi. Sitaki kutisha watu, lakini hili ndilo linaloweza kufunga biashara. Wapo watu kazi yao ni kutafuta mitambo ya simu yenye nywila dhaifu. Wakiingia, aghalabu Ijumaa usiku, wanapiga namba za ng'ambo ambazo wao wenyewe wana mgao katika mapato yake, na wanazipiga mfululizo kwa njia zote mpaka Jumatatu mtu wa mapokezi anapofungua mlango. Ankara inakuja kwako. Mkataba wa mpwa wangu ulisema wazi kwamba simu zote zilizotoka katika akaunti yake ni deni lake, awe amezipiga yeye au la. Na mimi mdhamini nyuma yake! Hiyo aya niliizungushia duara jekundu. Dawa yake ni nyepesi: kiwekwe kikomo cha fedha kwa siku, simu za kimataifa zifungwe kabisa isipokuwa kwa nchi zilizotajwa, na ikifika kikomo mtambo ujikate wenyewe. Mtoa huduma mwenye akili hukubali. Asiyekubali amekueleza kitu.

Nilikaa nikafanya hesabu nzima ya miaka mitatu. Bei ninazotoa hapa ni za mfano, weka za kwako. Tuseme kukodi ni shilingi 30,000 kwa kichwa kwa mwezi kabla ya kodi. Watu kumi na wawili ni 360,000. Ukiongeza ushuru na VAT ni 497,016. Kwa miezi 36 ni shilingi 17,892,576. Ongeza simu zenyewe za mezani, tuseme 150,000 kila moja, yaani 1,800,000. Jumla ni kama milioni 19.7, kabla hujapiga simu hata moja.

Upande wa pili, mtambo wako mwenyewe: kompyuta ndogo 1,500,000, UPS 400,000, simu zile zile 1,800,000. Njia tano kwa 20,000 kila moja, pamoja na kodi, ni 138,060 kwa mwezi, au 4,970,160 kwa miaka mitatu. Fundi wa kuutunza 150,000 kwa mwezi, hiyo ni 5,400,000. Jumla inafika kama milioni 14. Kwa ofisi hiyo kumiliki kuna nafuu, ingawa milioni 3.7 zinatoka siku ya kwanza.

Lakini ngoja. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa ofisi ya watu wanne. Kukodi kunashuka hadi kama milioni 6.6. Kumiliki, hata ukipunguza njia zikawa tatu, kunabaki karibu milioni 10.9, kwa sababu fundi hajali una simu nne au arobaini. Nauli na muda wake ni ule ule. Mwenye ofisi ya watu wanne anayejengewa mtambo wake mwenyewe anatunza ng'ombe kwa ajili ya kikombe kimoja cha maziwa. Na mwenye watu kumi na wawili ambaye hana fundi wa kumwamini, milioni tano na nusu zile zaweza kuwa bei ya usingizi wake. Mimi sitamlaumu akikodi.

Wengine mtasema: ya nini yote haya, tutatumia simu za mkononi. Sawa, na biashara nyingi za mjini ndivyo zinavyokwenda. Ila angalia namba iliyo kwenye kibao chako ni ya nani. Nimeona maduka ambayo namba ya duka imesajiliwa kwa jina la msichana wa mauzo. Siku akiacha kazi anaondoka na laini, na wateja wa miaka sita wanaendelea kumpigia yeye, ambaye sasa anauza bidhaa zile zile mtaa wa pili. Hasara hiyo haimo katika profoma yoyote.

Na suala hilo la namba lipo hata katika simu ya kukodi, tena kwa ukali zaidi. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao wa simu ya mkononi na kubaki na namba yake. Namba ya ofisi anayokupa mwenye huduma ya kukodi ni hadithi nyingine: usidhani tu kwamba utaondoka nayo. Baada ya miezi 36 namba hiyo itakuwa kwenye kibao, kwenye magari, kwenye barua na vichwani mwa wateja. Akipandisha bei mara mbili, utafanya nini? Mkataba wa mpwa wangu ulikuwa kimya kuhusu hilo, halafu ukasema kwamba asipotoa taarifa siku 90 kabla ya mwisho, unajirefusha wenyewe kwa miezi mingine 12.

Tuliwaandikia barua yenye mambo manne. Walikubali kikomo cha simu za kimataifa. Walikubali kutoza simu nne kwa bei ya chini. Muda wa taarifa wameushusha kutoka siku 90 hadi 30. La nne, kwamba namba iandikwe kwa jina la ofisi yake na aruhusiwe kuondoka nayo endapo mtoa huduma mwingine ataweza kuipokea, wamesema wanalipeleka kwa mwanasheria wao. Mpwa wangu anapiga kila siku kuuliza kama nimekwisha kutia sahihi, na mimi namuuliza kama mwanasheria amekwisha kujibu.